Mstari wa Mheshimiwa

Kula pamoja hakuna ugumu. Sufuria ikifunuliwa, harufu yenyewe huwaita watu, na mwenye nyumba mkarimu hujikuta ana marafiki ambao hata majina yao hayajui. Ugumu huja siku sufuria inapofunikwa. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Rafiki wa mezani hukaa mpaka shida inapobisha hodi, kisha huuliza mlango wa nyuma uko wapi. Anayebaki ni yule mliyetoka naye tumbo moja, hata kama mlikuwa mmenuniana. Wapo wajuaji wanaosema methali hii imepitwa na wakati, eti ndugu siku hizi ni yule mnayefaana naye. Na wasikie habari za mbunge mmoja na dada yake, kisha waseme tena.

Nchi yenyewe ilikuwa changa. Rangi za bendera zilikuwa bado hazijapauka kwa jua, na wimbo wa taifa uliwatoa watu machozi. Chama kilikuwa kimoja tu, kwa mujibu wa sheria. Uchaguzi ulikuwepo, lakini wagombea wote wawili walitoka chama hichohicho, walivaa mashati ya rangi moja na kuhutubia kwenye jukwaa moja, wakiisifu serikali moja. Kazi iliyobaki kwa mwananchi ilikuwa kuchagua sura.

Katika wilaya moja ya wakulima wa pamba, mbunge alikuwa amekalia kiti chake tangu siku ya uhuru. Watu walimwita Mheshimiwa, basi. Alikuwa bonge la mtu, mwenye sauti ya kufika kijiji cha pili bila kipaza sauti, na mkono wazi kupita kiasi. Meza ya nyumbani kwake haikukaukiwa. Mwenye kesi, mwenye harusi, mwenye njaa tu, wote walikaribishwa. Kiti cha karibu naye kilikuwa cha katibu wa tawi la chama, rafiki yake tangu shule ya msingi. Mji mzima ulimwita katibu huyo Sahani Moja, kwa sababu yeye na Mheshimiwa walikula sahani moja hata pale sahani zilipojaa kabatini.

Mtu mmoja tu hakukanyaga nyumba ile, naye alikuwa dada yake Mheshimiwa, opereta wa simu pale posta. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja. Ugomvi wao ulitokana na nyumba ya marehemu baba yao. Mheshimiwa aliitoa kwa chama iwe ofisi ya tawi, akapigiwa makofi, picha yake ikatoka gazetini. Alichosahau ni kwamba dada yake alikuwa akiishi ndani. Mama wa watu alipata habari asubuhi vijana wa chama walipokuja na ngazi kupaka kuta rangi. Alihamia chumba cha kupanga nyuma ya soko, na tangu siku hiyo akipishana na kaka yake njiani alimwamkia kama anavyomwamkia polisi.

Mwaka huo bunge lilipitisha sheria mpya. Karatasi za kura zilifutwa. Badala yake, kila mpiga kura angesimama hadharani, mchana kweupe, nyuma ya picha ya mgombea anayemtaka, na mistari ingehesabiwa. Wabunge wachache waliguna. Aliyesimama kuwanyamazisha alikuwa Mheshimiwa mwenyewe. "Anayeogopa kuonekana ana la kuficha," alinguruma, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Makofi yale yalimlevya. Kabla hayajaisha alitupa swali ambalo hakulipanga: kwa nini matrekta yaliyonunuliwa kwa ajili ya wakulima wa wilaya yake yanalima shamba la waziri? Waziri alitabasamu tu. Waliomfahamu waziri huyo hawakulipenda tabasamu lile.

Kazi ya opereta ina adabu zake. Simu ikiingia, unachomeka waya kwenye tundu lake, unasema "Zungumzeni," kisha unabana swichi usisikie ya watu. Lakini swichi ya laini ya makao makuu ilikuwa imelegea tangu mvua zilizopita. Posta iliahidiwa fundi, fundi hakuja. Asubuhi moja, dada alipokuwa akiibana kwa kidole, ikamponyoka, na sauti nzito ikamwingia masikioni.

"Yule wa matrekta asirudi bungeni."

"Lakini anapendwa huku, mzee," alijibu Mkuu wa Wilaya.

"Ndiyo maana tumeweka mistari. Wampende, lakini tuwaone wanavyompenda. Na sitaki ashindwe tu. Nataka taarifa iseme kauli moja. Asipate hata mtu mmoja, umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Dada alivua visikilizio. Tuseme ukweli wake, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa zuri kama maji ya kunywa: acha naye atolewe kwake aone inavyouma. Alifurahi kwa muda mfupi, kisha akajionea aibu. Saa ya chakula cha mchana ilipofika alijitanda kanga yake, akafunga safari ya kwenda nyumba ambayo aliapa hataikanyaga.

Alikuta meza imejaa. Vicheko vilikatika alipotokea mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo jua limetokea upande gani? Vuta kiti ule."

"Sikuja kula. Nina neno na wewe, pembeni."

"Hapa sote ni wa nyumbani. Sema."

"Kaka, tafadhali."

Walitoka kwenye ujia. Akamnong'oneza yote, neno kwa neno. Ila kumnong'oneza mtu yule ilikuwa kazi bure, maana yeye mwenyewe hakuzaliwa na sauti ya kunong'ona.

"Makao makuu?" akabwata. "Umesikiliza simu ya Mkuu wa Wilaya?"

Huko mezani vijiko vikanyamaza. Dada akamvuta mkono.

"Punguza sauti, utaniponza."

"Nani wa kuniangusha mimi? Unawaona hao mezani? Hao ndio jimbo. Nimewazika baba zao, nimewaoza binti zao."

Sahani Moja alitokea mlangoni, akijifuta vidole. "Dada yangu, panya akipita darini wewe umeshaona mwizi. Mheshimiwa na watu wake ni chanda na pete."

"Una kinyongo cha ile nyumba," Mheshimiwa alimwambia dada yake. "Ndiyo maana unanitisha."

Neno hilo lilimchoma. Hata hivyo akasema taratibu, "Ile nyumba nitaidai siku nyingine. Leo nakuomba ujitoe. Sema unaumwa. Mtu kuumwa si aibu."

"Rudi kazini, utachelewa."

Alirudi. Na kabla jua halijazama, mkuu wa posta alimwambia kwamba anaitwa ofisi ya wilaya.

Mkuu wa Wilaya alikuwa mtu mstaarabu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi dada. Alimwagizia chai. Alimuuliza habari za nyumbani. Kisha akasogeza kikombe chake pembeni.

"Opereta, una mtoto?"

"Mmoja, mzee. Wa kike."

"Anasoma?"

"Shule ya bweni. Analipiwa na serikali."

"Serikali ni mama. Sasa, nimeletewa maneno kwamba kuna mazungumzo umeyasikia kwenye waya. Mimi nimebisha. Nimesema opereta wetu ana adabu, ana mtoto, hawezi. Nimekosea?"

"Hujakosea, mzee."

"Vizuri. Siku ya mistari simama nyuma ya Mizani kama wenzako, mambo yaishe. Kunywa chai."

Mizani ndilo jina walilompa mpinzani wa Mheshimiwa, mpima pamba wa chama cha ushirika, mtu mpole ambaye aliambiwa agombee kama mtu anavyoambiwa ahame. Dada aliinywa chai ile yote. Alipotoka nje alikuwa anajua nani amemchongea. Meza ya kaka yake ilikuwa na watu wengi, lakini aliyeizoea njia ya ofisi ile alikuwa mmoja.

Habari huwa hazina miguu lakini hufika. Vijana wa chama walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwasalimia watu kwa adabu na kuwauliza wanafanya kazi wapi. Hawakutisha mtu. Waliuliza tu. Polepole meza ya Mheshimiwa ikaanza kupwaya. Mwenye duka alikata mguu, akasema ana mgonjwa. Mchinjaji alisema anafunga. Sahani Moja naye alidai tumbo limemsumbua, daktari amemkataza mafuta, na mtu asiyekula mafuta hana la kufanya kwenye nyumba ile. Mheshimiwa aliendelea kuamuru chakula kipikwe kingi. "Watu wako kwenye pamba," alimwambia mkewe. "Msimu ukiisha watarudi."

Mkewe alikuwa mwalimu, mwajiriwa wa serikali. Alifungasha nguo za watoto huku akilia. "Mimi nakupenda, Baba," alisema. "Lakini sote wawili tukitumbukia shimo moja, hawa watakula nini?" Akaenda kwao. Tusimlaumu upesi mwanamke huyo, kwa maana hofu ya mama si ndogo.

Siku ya siku ikawadia. Ukweli ni kwamba dada alitoka nyumbani kwake akiwa amekata shauri kusimama nyuma ya Mizani. Alimfikiria binti yake, alifikiria kodi ya chumba, alitafuta jambo moja la maana ambalo kaka yake aliwahi kumfanyia, asilipate. Alivaa viatu vya kazini, maana alipangiwa zamu ya mchana.

Uwanja wa mpira ulikuwa umechomekwa nguzo mbili, kila nguzo na picha yake. Wagombea walisimama kando ya picha zao. Wao wenyewe hawakuhesabiwa. Mkuu wa Wilaya alikaa chini ya turubai. Vijana wa chama walizunguka uwanja wote, mikono nyuma, wakiangalia nyuso. Filimbi ilipolia watu walikwenda bila kusukumana, kimya, kama wanaokwenda kutoa pole. Wote walielekea upande mmoja.

Mstari wa Mizani ulifika golini, ukapinda, ukarudi, ukapinda tena. Nyuma ya Mheshimiwa palikuwa na nyasi.

Mwanzoni alicheka. Alipunga mkono, akadhani labda watu wanaanzia upande ule kwa mpangilio. Kisha akamwona fundi baiskeli akipita mbele yake, mtu ambaye mtoto wake aliwahishwa hospitali kwa gari la Mheshimiwa mwenyewe.

"Fundi," aliita. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa," fundi alijibu huku akitazama viatu vyake, na hakusimama.

Mkono uliokuwa ukipunga ukabaki hewani, hauna wa kumpungia. Mheshimiwa akauingiza mfukoni. Akautoa. Mwishowe akaanza kujikuna nyuma ya sikio, na dada yake, aliyekuwa katikati ya mstari wa Mizani, akamwona. Ndivyo alivyokuwa akijikuna utotoni alipokuwa akingoja kuchapwa. Mara nyingi aliyevunja chungu alikuwa dada, na aliyesema "ni mimi" alikuwa kaka. Hakuwa amelikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi, na hakupenda kulikumbuka siku ile.

Alimwangalia Mkuu wa Wilaya. Akawaangalia vijana wa chama. Kisha akapiga moyo konde, akatoka mstarini.

"Usiende," alinong'ona mama aliyekuwa nyuma yake, akimshika nguo. "Una mtoto wewe."

"Najua. Niache, mama."

Nyasi zile kati ya mstari na mstari hazikuwa nyingi, mtoto angezivuka akikimbia, lakini kwake zilikuwa safari. Hakuna aliyemwita. Watu wote waliona aibu kumtazama na hawakuweza kuacha kumtazama. Alifika, akasimama nyuma ya mgongo mpana wa kaka yake.

"Nani huyo?" Mheshimiwa aliuliza bila kugeuka.

"Mimi."

Safari hii Mheshimiwa alinong'ona, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Rudi. Rudi haraka, filimbi ya pili haijalia."

"Nimechoka kutembea."

"Una mtoto, mwendawazimu wewe."

"Na wewe una dada. Tazama mbele, watu wanatuangalia."

Mkuu wa Wilaya aliinuka kwenye kiti chake, akaja mwenyewe, mpole kama kawaida. "Opereta, nadhani umekosea mstari. Jua ni kali, mtu huchanganyikiwa. Rudi kule, hakuna atakayekumbuka."

"Sikukosea, mzee."

"Unajua unachofanya?"

"Najua. Natetemeka, lakini najua."

Mkuu wa Wilaya akaangalia saa yake, akarudi kwenye kivuli. Filimbi ya pili ikalia.

Mhesabuji alikuwa katibu wa tawi. Sahani Moja aliupitia mstari wa Mizani kwa sauti ya juu, akipaza kila kumi ilipotimia, na Mizani mwenyewe akawa anajifuta uso kama mtu anayesomewa mashtaka. Kazi hiyo ilipoisha ikambidi avuke nyasi. Alikuja polepole. Alipofika mbele ya rafiki yake hakuinua macho.

"Mmoja," alisema kwa sauti ya chini.

"Sema wasikie," Mheshimiwa alimwambia. "Sauti ya kuomba nyongeza ya nyama ulikuwa nayo."

"Mmoja," alisema Sahani Moja, na uwanja mzima ukasikia.

Kwa desturi mshindi hupigiwa makofi. Siku ile hakuna aliyekumbuka. Watu walitawanyika vichwa chini, na fundi baiskeli alionekana akilia waziwazi nyuma ya goli.

Jioni kaka na dada walikaa kwenye nyumba ile kubwa isiyo na mtu, redio ikiwa mezani mahali pa vyombo. Mtangazaji alisoma majimbo moja baada ya jingine. Alipofika kwao alisema wananchi wa wilaya hiyo wamemchagua mbunge wao mpya kwa kauli moja.

"Wamenisahau," alisema dada.

Mheshimiwa alicheka, akacheka tena, mpaka kicheko kikageuka kilio, akajifunika uso kwa mikono yake minene. Dada hakumbembeleza. Alizima redio, akakaa naye. Walikuwa bado wamekaa hivyo gari la polisi liliposimama nje, na askari wakasema Mheshimiwa anahitajika kwa mahojiano mafupi.

Mahojiano yale yalipita msimu wa pamba, yakaingia msimu mwingine. Hakufikishwa mahakamani. Dada naye hakupewa barua ya kufukuzwa. Siku moja alikuta mwanamke mwingine amekalia kiti chake posta, visikilizio masikioni, asijue amwambie nini. Binti alirudishwa kutoka shule ya bweni na sanduku lake. Dada akaanza kufua mashuka ya nyumba ya wageni, mikono ikamchubuka, na kila siku ya kuona wafungwa alibeba bakuli lililofunikwa kitambaa akaenda kusimama kwenye geti la gereza. Mke wa Mheshimiwa alituma nguo kwa siri, kupitia kwa dada. Wa mezani hawakutuma kitu. Sahani Moja alipandishwa cheo, akahamia mjini kwenye wilaya nyingine, na nasikia siku hizi anakula na mbunge wa huko.

Siku moja askari jela mgeni alimzuia getini.

"Wewe ni nani wake? Mke?"

"Ndugu yake."

"Ndugu wa chama au ndugu wa kweli?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

Akapitishwa. Mheshimiwa alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Alipokea bakuli kupitia kidirishani, lakini hakulifunua.

"Binti anasoma?"

"Shule ya kutwa. Mbali kidogo, lakini miguu anayo."

"Na mikono yako imekuwaje?"

"Sabuni."

Akaitazama mikono ile kwa muda mrefu. "Ile nyumba ya baba," alianza. "Nilikudhulumu. Nilitaka kupigiwa makofi."

"Ndiyo, ulinidhulumu."

"Na bado ukaja nyuma yangu pale uwanjani. Ulinisamehe lini?"

"Nani amekwambia nimekusamehe?" dada alijibu. "Kula, chakula kinapoa."

Mheshimiwa akafunua bakuli, akala huku machozi yanamtiririka, na dada yake akamngoja nje ya dirisha mpaka alipomaliza. Watu waliowahi kukaa mezani kwa mtu yule wangejaza uwanja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa pale. Hakika, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.